Muuza Nyama Niliyemwandika

Pigo la kwanza halikutoa sauti niliyoitarajia. Kabla ya asubuhi ile nilikuwa nimekwisha kuandika vipigo visivyopungua ishirini, na vyote vilikuwa na kishindo: vilipasua hewa, vilitikisa madirisha, viliwafanya kunguru waruke. Hili lilitoa sauti ndogo yenye unyevu, kama kitambaa kilicholoa kinapodondoka sakafuni. Spana ya magurudumu ilitua begani mwa muuza nyama, naye akasema "Eh," kwa upole, kama mtu aliyekanyagwa kwenye foleni, kisha akageuka amtazame aliyempiga.

Aliyempiga alikuwa kaka yangu.

Ilikuwa Jumanne, saa nne na nusu, jua limekwisha kukaza. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao, na mkononi nilishika mhuri wa ofisi niliosahau kuuacha mezani nilipotimua mbio kushuka ngazi. Nimejaribu kuisimulia siku ile mara nyingi, na kila mara najikuta nimeanzia mahali ambapo mimi si mbaya sana. Leo nimeanzia hapo, kwenye bega, ili nisipate pa kukimbilia.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, karani wa malalamiko katika ofisi ya maji. Kazi yangu ilikuwa kuandika mabomba ya watu yaliyopasuka na kugonga mhuri. Lakini kila Jumamosi alasiri nilikuwa mtu mwingine. Tulikutana watu saba katika darasa la ushonaji la shule ya msingi, tukakaa katikati ya cherehani zilizofunikwa vitambaa, tukasomeana hadithi zetu. Kulikuwa na muuguzi aliyeua kila mhusika kabla ya ukurasa wa tatu, na dereva wa tingatinga, pande la mtu, aliyeandika mapenzi matupu na kutokwa machozi akiyasoma.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke aliyesahihisha vitabu katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na moja hadi macho yake yakawa mekundu moja kwa moja. Tulimwita Bi Koma. Hakuwa na masihara na alama hiyo ya uandishi, na pia neno hilohilo ndilo alilolitumia kumkatiza msomaji aliyeanza kutia chumvi. "Koma!" angesema, na chumba kizima kingekoma.

Siku niliyosoma hadithi yangu ya muuza nyama hakusema koma hata mara moja. Nikadhani nimemweza.

Hadithi yenyewe niliipa jina "Mchinjaji wa Ng'ambo ya Reli." Ng'ambo ya reli waliishi wakuja, watu waliofika miaka ya karibuni na magodoro yao vichwani, wanaosema lugha yetu kwa lafudhi iliyotuchekesha. Mchinjaji wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na kovu kutoka shavuni hadi sikioni, alicheka alipokata nyama, damu haikumtoka mikononi, na aliwaiba watoto. Hakuwa na mke wala mtoto. Hakuwa na kitu chochote isipokuwa kisu.

Sikumtoa mbali. Mkabala na gereji ya kaka yangu palikuwa na bucha, na mwenye bucha alikuwa mkuja mwenye kovu. Nilikuwa nimenunua nyama kwake kwa miaka sita. Niliazima uso wake, aproni yake na namna yake ya kuvuta maneno, bila kumwomba, kama mtu anavyochuma jani la ua la jirani akipita.

Bi Koma alinirudishia karatasi zangu. Ukingoni hapakuwa na masahihisho, ila swali moja kwa wino mwekundu: *Akifunga duka, anakwenda wapi?*

"Haendi popote, Bi," nilimjibu mbele ya wenzangu. "Huyu ni mtu mbaya."

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mtu mbaya naye hufunga duka," alisema. "Kitasa chake kinakwama. Ana mtu anayemsubiri, au aliyeacha kumsubiri. Kuna kitu anakionea aibu. Wewe umemnyima hata mahali pa kuvua viatu."

"Hivi ndivyo msomaji atakavyomwogopa zaidi."

"Atamwogopa, ndiyo. Ila atamwogopa nani? Mwanangu, ukimwandika anayefanana nawe utamhurumia bila kuombwa. Kazi inaanza kwa yule usiyefanana naye. Huyu hukumwandika. Umechimba shimo ukalivika aproni, na humo anaweza kutumbukizwa mtu yeyote."

Nilikunja karatasi zangu, nikajitia sikusikia. Jumatatu nikazipeleka kwa mhariri wa gazeti la mji, mtu mwenye mafua ya kudumu, akazisoma amesimama, akapenga kamasi, akasema, "Hii itasomwa hadi chooni." Ilitoka Jumapili nne mfululizo.

Hapa sina budi kumwelezea kaka yangu, maana bila yeye nisingekuwa na la kusimulia.

Alinizidi miaka minane. Baba alipofariki aliacha shule akaenda kuziba matairi ili mimi niendelee. Hakuwahi kunisimanga kwa hilo hata siku moja, na pengine ndiyo sababu lilinielemea. Mikono yake ilikuwa na nyufa nyeusi ambazo sabuni haikuzifikia. Hakuwahi kusoma chochote nilichoandika. Hadithi, kwake, zilikuwa kitu cha watu wenye viti vizuri. Lakini Jumapili ya kwanza mtu alimletea gazeti, akaona jina letu chini ya kichwa cha habari, na akalisoma kwa sauti gerejini, amekaa juu ya tairi la lori, mafundi wamemzunguka.

"Mdogo wangu huyo!" alisema kila alipomaliza aya. "Kichwa kile kimetoka nyumbani kwetu!"

Nililijua hilo kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma ya kibanda cha magazeti, nikisikiliza. Jumapili tatu zilizofuata nilisimama palepale. Sijawahi kupata tuzo iliyonivimbisha kichwa kama ile sauti yake iliyojikwaa kwenye maneno marefu niliyoyapanga mimi.

Barabara ile ilikuwa nyembamba. Muuza nyama naye alikuwa akisikia.

Jumanne iliyofuata sehemu ya mwisho, binti wa fundi cherehani hakuonekana. Alikuwa na miaka mitano. Mama yake alimwacha anacheza mlangoni saa moja na nusu asubuhi, akaingia ndani kupiga pasi suruali ya mteja, akatoka, mlango ukiwa mtupu. Walimtafuta kwa majirani, wakamtafuta shuleni, wakachungulia mitaroni. Kufikia saa tatu mtaa mzima ulikuwa nje. Kufikia saa nne mtu alikuwa amekwisha kulitamka neno *mchinjaji*, na sidhani kama aliyelitamka alijua amelitoa wapi.

Nilisikia kelele nikiwa ofisini, ghorofa ya kwanza. Nilitazama dirishani nikaona vichwa vya watu vikielekea upande mmoja, nikashuka.

Nilipofika, bucha ilikuwa imekwisha vunjwa. Mizani ilikuwa katikati ya lami, paja zima la ng'ombe limelala vumbini na watu wanalikanyaga. Watu walikuwa kama sitini. Niliwajua karibu wote: kinyozi, muuza magazeti, mwalimu wa hesabu aliyenifundisha kugawanya. Wawili walikuwa wamemshika muuza nyama mikono kwa nyuma. Aproni yake ilikuwa imechanika, na puani mwake damu ilikuwa imeanza kufuata njia ya kovu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?" aliuliza. "Niambieni ni mtoto gani, nitawasaidia kumtafuta."

Mtu akatoka ndani ya bucha ameinua kitu juu. Kilikuwa kiatu kidogo cha bluu, cha mguu mmoja, cha mtoto wa miaka minne au mitano. Umati ukatoa sauti ambayo sijui niiite nini. Haikuwa kilio wala kelele. Ilikuwa kama pumzi ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

"Si cha mwanangu," alisema mama wa mtoto aliyepotea. Alikuwa amesimama na futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. "Wangu kavaa vyekundu."

Ningependa kusema kwamba hapo watu walitulia. Lakini kinyozi alipiga kelele, "Basi kuna mwingine!" na mwingine akadakia, "Mtu hana mke, hana mtoto, kiatu cha mtoto kakitoa wapi?" na wa tatu, sauti ya kike, ikamalizia: "Hana mtoto! Si imeandikwa?"

Imeandikwa. Nililisikia neno hilo vizuri.

Kaka yangu alikichukua kile kiatu. Alikuwa na spana mkono wa kulia, kiatu mkono wa kushoto, na jasho linamtiririka kidevuni. Akanitafuta katika umati, akaniona, na uso wake ukafunguka. "Mpisheni!" alisema. "Mpisheni mdogo wangu. Huyu ndiye anayemjua." Watu wakanipisha. Sijawahi kupishwa hivyo kabla wala baadaye. Akanisogezea kiatu karibu na uso, akaniuliza mbele ya watu wote:

"Ndiye huyu, au siye?"

Kiatu kilikuwa kimekatika mkanda. Mkanda ulikuwa umeshonwa nusu, mishono mikubwa ya mkono wa kiume, kwa uzi mweupe mnene uleule aliofungia vipande vya nyama nilivyonunua kwake miaka sita. Sindano ilikuwa bado imechomekwa kwenye soli, na uzi unaning'inia. Mtu alikuwa akikishona asubuhi ileile, kati ya mteja na mteja. Hakuna aliyekuwa ameiona ile sindano. Mimi niliiona. Kazi ya macho yangu ndiyo hiyo, na ilifanyika barabara.

Kwa hiyo nilijua. Nataka hili lieleweke. Nilijua kwamba ni baba anayemshonea mtoto wake kiatu, na jibu lilikuwa neno moja, silabi mbili. *Siye.*

Lakini mtaa mzima ulikuwa umenyamaza ukinisubiri. Watu sitini, pamoja na mwalimu wangu wa hesabu, walikuwa wakiamini kwamba nilichokitunga kwenye meza yangu kilikuwa kikitembea barabarani, na kaka yangu alinitazama kwa macho ambayo nilikuwa nimeyangoja tangu utotoni. Nilitaka kuionja ile sekunde. Haikuwa zaidi ya hapo. Nilitaka kuionja, kisha niseme.

"Amenyamaza!" sauti ilitoka nyuma. "Ndiye!"

Na spana ikashuka.

Baada ya bega kilifuata kiwiko, kisha mgongo. Waliomshika walimwachia ili nao wapate nafasi, akaanguka kwa magoti, akaufunika utosi kwa mikono yote miwili, na spana ikaipata mikono. Sauti ya vidole ilikuwa tofauti na ya bega. Kinyozi alipiga kwa mguu, akiwa amevaa viatu vyake vya kazini vilivyong'arishwa, akikazana kutafuta mbavu. Mwalimu wa hesabu aliokota jiwe la mizani, akalitazama, akalirusha. Hata yule muuza magazeti mkongwe, ambaye magoti yake hayakunjiki, alijongea akamtemea mate, kisha akasimama pembeni akihema kama aliyepanda mlima.

Nilipiga kelele. Nilisema siye, nilisema ni hadithi tu, nilisema tazameni sindano. Sauti yangu ilikuwa moja kati ya nyingi na haikuwa na tofauti na zile zilizokuwa zikisema ua. Nilimshika kaka mkono, akanisukuma bila kunitazama, nikaangukia ile nyama iliyokuwa chini.

Kisha mkewe akaja. Sikujua kwamba ana mke mpaka nilipomwona akipasua umati kwa mabega, mwanamke mfupi mwenye nguvu, akajitupa juu ya mumewe kifudifudi. Mtu akampiga mgongoni kwa sinia la mizani. Akakaza. Akapigwa tena. Mkono wa kaka yangu uliposhuka kumwondoa, aliukamata kwa meno, akauma, hakuachia, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile kaka yangu akalia kwa maumivu.

Ndipo honi ikasikika. Lilikuwa gari la mikate. Dereva alishuka akikasirika kwamba barabara imezibwa, akafungua mlango wa nyuma, akamteremsha msichana mdogo mwenye viatu vyekundu, mashavu yamejaa makombo.

"Wa nani huyu?" aliuliza. "Kapanda mwenyewe nilipokuwa napeleka mikate dukani. Kalala juu ya magunia. Nimemgundua upande wa pili wa mji."

Barabara iliyokuwa na watu sitini ilibaki na watu saba au wanane. Sikuwaona wakiondoka. Ilikuwa kama maji yanavyoingia mchangani. Mama wa mtoto alikuwa amemkumbatia mwanawe na kumpiga makofi ya matako wakati huohuo, akilia. Muuza nyama alikuwa hajitikisi. Kaka yangu alisimama palepale, mkono wake unavuja damu ya meno, akanitazama.

"Ulisema ndiye."

"Sikusema kitu."

"Kweli," akasema. "Hukusema kitu." Akaiweka spana chini taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akakaa ukingoni mwa barabara kuwasubiri polisi.

Siku tatu sikutoka ndani. Siku ya nne Bi Koma alikuja nyumbani, akakataa kiti, akasimama mlangoni na mkoba wake kwapani. Nilidhani atanikumbusha lile shimo. Hakulitaja kabisa.

"Umekwenda hospitali?"

"Nitamwambia nini, Bi? Nitaombaje msamaha?"

"Usiombe. Ukiomba msamaha utakuwa unajitazama mwenyewe tena. Nenda ukamwulize mambo yake, kisha ufunge mdomo."

Nikaenda. Wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda kumi na vinne. Chake kilikuwa karibu na sinki. Mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa hadi kwenye kiwiko, jicho moja limefumba, na alipumua kwa hatua fupifupi kwa sababu ya mbavu. Mkewe alikuwa amekaa kwa ubavu kwenye stuli, hawezi kuegemea. Niliposema mimi ni nani, mke aliinuka. Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige.

"Mwache," alisema mumewe. "Ni mteja wangu huyu. Kila Alhamisi, nusu kilo, hataki mafuta."

Nilisimama. Nilisahau kila nililokuwa nimelipanga. Nikamwuliza swali la Bi Koma, kwa sababu ndilo pekee lililokuwa kinywani: akifunga duka, anakwenda wapi?

Alinitazama kwa jicho lake zima, muda mrefu.

"Nilikuwa nakusikiliza kila Jumapili," alisema. "Kaka yako anasoma vibaya, lakini nilikuwa naegemea kaunta nasikiliza hadi mwisho. Nilijua ni mimi. Nilitaka nione kama utanikamata." Akameza mate kwa taabu. "Umekosea mengi, dada. Nikuambie?"

"Niambie."

"Mchinjaji na muuza nyama ni watu wawili. Mimi sijachinja hata kuku. Nikiona mnyama anakata roho, nakimbia, mke wangu huyu shahidi. La pili, damu haikai mikononi. Tunanawa kwa maji baridi. Ya moto ndiyo yanaigandisha. Mtu wako ananawa kwa maji ya moto, ukurasa mzima, mafundi kule gerejini wanatetemeka, mimi nacheka peke yangu." Hakucheka sasa. "Halafu hili kovu. Umeandika nilipigwa panga nikiiba mtoto. Nilianguka na baiskeli ya binamu yangu. Ila niliiiba, hiyo baiskeli. Hapo ulikaribia."

Nilikuwa nimeanza kulia, na kulia kwangu kulimuudhi. Aligeuzia uso sinki.

"Nikifunga duka nakwenda nyumbani," alisema akiwa amegeuka. "Ungetaka nende wapi?"

Mkewe alinisindikiza hadi kwenye korido. Alitembea akishika ukuta. Daktari alikuwa amemwambia kwamba vidole vitatu vya mkono wa kulia havitakunjika tena, na kisu hakitashikika. Watahamia na mtoto wao kwa shemeji yake, mji mwingine.

"Utamwandika tena?" aliuliza.

"Sijui. Sitathubutu."

"Utamwandika. Nyinyi watu hamwezi kujizuia." Alisema bila hasira, kama anavyosema mtu kuhusu mbuzi na majani. "Basi nisikilize. Usije ukamfanya malaika. Juzi kaja mtu wa gazeti lako hilohilo, ananiuliza, mama, mumeo ni mpole eh? Mnyenyekevu eh? Nikamtazama tu. Mume wangu ni mkaidi. Anakoroma. Hawapendi watu wa kwenu, anawaita majina ambayo sitayatamka hapa hospitalini. Na mwaka tulipofika, siku aliyokosa kazi mara ya tano, alinipiga. Mara moja. Hapa." Akagusa taya. "Nilimwambia ukirudia nakwenda zangu, hakurudia. Lakini alinipiga, na siku ile nililala juu yake nikiwa nalikumbuka hilo. Nalikumbuka kabisa. Uandike na hilo."

Kesi ilisikilizwa miezi mitatu baadaye. Waliotajwa kwa majina walikuwa wawili tu, kaka yangu na kinyozi. Wengine wote hawakuwepo, hawakuona, walikuwa na wageni. Mama alinipigia magoti jikoni, mama yangu mzazi, akaniomba niseme kwamba sikuona aliyepiga kwanza. "Yule ndiye aliyekusomesha," alisema. "Kila herufi unayoijua ilitoka mgongoni mwake." Ilikuwa kweli.

Kizimbani niliulizwa nilichokiona, nikasema. Nikataja spana, bega, vidole. Kisha wakili wa serikali akaniuliza:

"Mshtakiwa alikuuliza, 'Ndiye huyu, au siye?' Ulimjibu nini?"

"Sikumjibu."

"Ulikuwa umeogopa?"

Alikuwa ananifungulia mlango, na nadhani alifanya kwa wema. Chumba kizima kilikuwa tayari kunisamehe kwa kuogopa.

"Hapana," nilisema. "Niliona sindano kwenye kiatu. Nilijua siye. Nilinyamaza kwa sababu nilijisikia mtu mkubwa."

Hakimu aliacha kuandika, akanitazama juu ya miwani, kisha akaendelea kuandika. Hakuna kilichonipata. Kinyozi alipewa miaka miwili, kaka yangu minne. Tulipotoka, mama alipita mbele yangu kama ninavyopita mimi mbele ya nguzo ya umeme, na kwa miezi kumi na moja iliyofuata hakunisemesha, ingawa tuliishi nyumba moja na alikuwa akinibakizia chakula.

Mimi niliandika. Yule mwanamke alikuwa sahihi. Nilimwandika mumewe na maji yake ya baridi na baiskeli yake ya wizi, nikamwandika na yeye na taya lake, na kila Jumamosi Bi Koma alisoma bila kushika kalamu nyekundu. Lakini alipofika kwa yule mwenye spana alikuwa akisimama. Nilikuwa nimempa povu mdomoni. Nilikuwa nimempa mishipa ya shingo, macho mekundu, kila kitu.

"Huyu je?" aliuliza siku moja. "Huyu naye anafanana nawe au hafanani?"

Nikaenda gerezani. Nilikuwa sijakwenda hata mara moja. Kulikuwa na wavu kati yetu, na benchi refu lenye wake na mama za watu, kila mmoja akipaza sauti kumpita mwenzake. Kaka alikuwa amekonda. Mikono yake ilikuwa imetakata. Nyufa zote zimefumba, kama mikono ya mtu wa ofisini. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Aliniuliza hali ya mama, hali ya gereji, kama mvua imenyesha.

"Nasikia unaandika ile habari," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi umeniwekaje?"

Nikamwambia. Povu, mishipa, macho. Alisikiliza akiinamisha kichwa, kama alivyokuwa akisikiliza injini.

"Sivyo," alisema. "Hasira hiyo umenipa wewe. Sikuwa nayo." Alisogeza mdomo karibu na wavu, na kwa sababu ya kelele za watu ilibidi anisemee kwa nguvu, mambo ambayo mtu angependa kuyanong'ona. "Nilikuwa na furaha, mdogo wangu. Maisha yangu yote nazibia watu matairi. Siku ile wote wako nyuma yangu, na wewe uko mbele yangu, na mimi najua la kufanya. Hata vidole vilipovunjika. Nilivisikia, na nilikuwa na furaha. Liandike hivyohivyo. Usilipake."

Nikamwuliza kama inamsumbua.

"Ningekuwa na hasira ingenisumbua kidogo tu," alisema.

Kengele ikalia. Kalamu nilikuwa nimenyang'anywa mlangoni, kwa hiyo niliyarudia maneno yake njia nzima, kwa sauti ndogo, nisije nikayalainisha kabla ya kufika.

Mama alikuwa uani, kwenye benchi, akichambua mchele. Nilipita nikielekea chumbani, midomo yangu ikiwa bado inatembea.

"Anakula?" aliuliza.

Nilisimama. "Anakula, mama."

"Amekonda?"

"Amekonda."

Aliupepeta ule mchele mara mbili, tatu, akatupa jiwe dogo kando. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi.